Ngozi ya Ndama wa Madoa

Mama alipozikwa, nguo zake zilikaa kwenye sanduku la bati mpaka siku ya kuanua tanga. Asubuhi ya siku hiyo wanawake wa ukoo walitandika mkeka uani, wakazitoa moja moja na kuzigawa: gauni kwa huyu, sweta kwa mjane wa jirani, vitenge kwa waliomwogesha. Mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani siku tatu kabla yao. Nilikuwa nimefungua sanduku, nimechomoa khanga moja ya kijani iliyochakaa pindoni, nikaisokomeza kwenye mkoba wangu chini ya chaja ya simu na dawa za presha. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwalimu, mama wa watoto watatu, naiba nguo ya marehemu kama kibaka wa mnadani.

Niliichukua kwa sababu ya harufu. Mama alikamua ng'ombe maisha yake yote, na khanga ile ndiyo aliyokuwa akijifunga zizini. Ilikuwa na moshi, maziwa yaliyochacha, jasho, na chumvi. Nilipoiweka puani, chumvi ile ikanirudisha mahali ambapo miaka yote nimekuwa nikipapitia mbali. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Kila mmoja wetu ana jambo alilolifanya utotoni ambalo likimjia akiwa peke yake jikoni anajikuta anaongea kwa sauti ili alifukuze. Langu mimi ni ngozi ya ndama.

Tulikaa upande wa Mtinko, Singida, nyumba ya tembe na zizi la miiba, na pembeni kibanda cha bati ambacho baba alikijenga akitarajia wageni. Mwaka ninaousema mvua zilikatika mapema, alizeti ikakauka ikiwa na vichwa vidogo kama vifungo. Mwaka huohuo mama yangu mdogo alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mama akarudi kutoka msibani akiwa na mtoto mgongoni. Akaitwa Eliwaza. Mimi nilikuwa darasa la nne, kitindamimba, na mpaka siku ile nilikuwa nalala kitanda kimoja na mama. Usiku huo nikahamishiwa kwenye mkeka. Niseme wazi, nilimwonea wivu mtoto yule tangu saa ya kwanza, na kila mtu aliponiambia nimepata mdogo wangu nilitabasamu kwa meno tu.

Ng'ombe karibu wote walikuwa wamekata maziwa kwa ukame. Aliyebaki ni Madoa, aliyekuwa amezaa karibuni, na ndama wake naye akafa kabla hajamaliza mwezi. Wasiokulia kwenye mifugo hawajui maana yake. Ng'ombe wetu wa kienyeji hateremshi maziwa bila ndama wake kusimama mbele yake. Unaweza kumkamua mpaka vidole viume, anayazuia tu. Kwa hiyo baba alifanya kama alivyofanya baba yake. Alimchuna yule ndama, akaianika ngozi, akaipaka chumvi, akaijaza nyasi kavu na kuishona tumboni. Jioni akaiweka mbele ya Madoa. Madoa akanusa, akatoa sauti ya chini kama anaongea na mtu chumbani, akaanza kulamba. Maziwa yakashuka.

Yalikuwa machache, nusu kibuyu asubuhi na chini ya hapo jioni. Yote yalikuwa ya Eliwaza. Mama aliyachemsha, akayachanganya na maji, akamnywesha kwa kijiko huku akihesabu kwa Kinyaturu, maana mtoto alikuwa mlegevu na kila kijiko kilichobaki tumboni kilikuwa ushindi.

Mgeni wa kibanda cha bati alikuja wakati huo. Alikuwa fundi wa visima, mtu mfupi, mweusi kuliko sisi, mwenye nywele zilizolala. Kijijini walimwita Mhindi. Yeye alieleza kwa uvumilivu kwamba si Mhindi, kwao ni Sri Lanka, kisiwa. Watu waliitikia kwa heshima na kuendelea kumwita Mhindi. Sisi nyumbani tulimwita Fundi Sunil. Alipenda sana kuamkiwa. Nikimwambia shikamoo, alikuwa anaacha anachofanya, anasimama wima, anajibu marahaba kama mtu anayepokea cheti.

Alikuwa na mambo yake. Hakula nyama. Siafu wakiingia kibandani, alihama yeye. Na kila alfajiri alikaa barazani juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho amefumba, kimya. Mwanzoni nilidhani anasinzia. Halafu nikadhani ameanza kusali akasahau maneno, na ana haya kufumbua macho kabla hayajamrudia. Nilimhurumia, hata siku moja nikajitolea kumfundisha Baba Yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni maneno mazuri, ila yeye pale haombi kitu, anaangalia tu pumzi yake inavyoingia na kutoka.

Nilimzoea kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee mwenye nafasi nami. Mama alikuwa na Eliwaza, baba alikuwa na ukame. Nilimfuata kwenye pampu ya mkono karibu na shule, nikamshikia spana. Hapo ndipo nilipomuuliza anaabudu nini, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akanieleza kwamba hapo kale alikuwepo mwalimu aliyeyatazama mateso ya watu kama fundi anavyotazama pampu iliyokufa. Jambo la kwanza, alisema, ni kukubali kwamba pampu imeharibika, usijifanye inatoa maji. Watu wanazeeka, wanaugua, wanafiwa, hata furaha yao haikai. La pili, kuharibika kuna sababu. Akakunja ngumi mbele ya uso wangu. Watu wana kiu moyoni, wanataka kitu kisichokaa kikae, basi wanashika, wanashika, mpaka mkono unauma. La tatu, sababu ikiondoka, pampu inapona. Akafungua ngumi, kiganja kikabaki wazi, na mimi nikaona kama nimeonyeshwa siri ambayo hata mchungaji hana.

"Ya nne," akasema, "ndefu kidogo."

Akaanza kuhesabu kwenye vidole. Nadhani alifika cha pili au cha tatu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, kwa sababu kengele ya shule ililia, na kwa sababu ya tatu ilinitosha. Nilikuwa mtoto mwepesi darasani, niliyezoea kunyoosha kidole kabla swali halijaisha. Tabia hiyo sijaiacha kabisa.

Kulikuwa na jambo jingine nililopaswa kulisikia. Kwenye ufunguo wa pikipiki yake Fundi Sunil alifunga kibanio chekundu cha nywele za mtoto. Nilimuuliza ni cha nani, akasema cha binti yake, aliyefariki. Akakisugua kile kibanio kwa kidole gumba. Nikamwambia, kwa ujuzi wangu mpya, kwamba basi na yeye anashika, akitupe.

Alicheka kidogo. "Kweli, bado nashika," akasema. "Siku moja nitaachia. Mimi mwenyewe."

Nikaanza kumtazama Madoa. Jioni mama alipomkamua nilisimama kwenye lango la zizi nikiona jinsi anavyoilamba ile ngozi, anailamba mahali palepale mpaka manyoya yametoka, anaiita, na yenyewe imekaa na macho yaliyoshonwa. Nikajiambia huyu ndiye pampu iliyoharibika. Anateseka kwa sababu anashika kitu kisichokuwepo, na sisi ndio tunaomshikisha. Sababu ikiondoka, atapona. Tena atatoa maziwa mengi, kwa hiari, kama mtu aliyetua mzigo. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na ningependa kuishia hapo, niseme ni kosa la mtoto mwenye huruma. Huruma ilikuwepo kweli. Lakini mtoto wa wafugaji wa darasa la nne anajua ng'ombe hufanya nini asipoona ndama. Nilijua, nikaliweka pembeni lile ninalolijua. Nilitaka Fundi Sunil aone nimeelewa kuliko watu wazima. Na mahali fulani chini kabisa, nilikuwa nimechoka kulala kwenye mkeka.

Siku ya mnada baba aliondoka mapema. Mama alimfunga Eliwaza mgongoni akaenda kuteka maji. Nikaichukua ngozi kutoka juu ya uzio ilikokuwa imewekwa isifikiwe na mbwa. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na chumvi yake ikanibaki mikononi. Niliipeleka nyuma ya nyumba kwenye shimo la choo cha zamani, nikaitumbukiza. Sikusikia ikifika chini. Kisha nikaenda zizini nikakaa karibu na Madoa, miguu nimeikunja, macho nimefumba, nikimsubiri apone.

Jioni mama aliitafuta ngozi kila mahali, akahitimisha ni mbwa. Alijaribu kukamua bila ngozi, akijibanza ubavuni, akimwimbia. Hakikutoka kitu. Madoa aligeuza kichwa huku na huku, akaanza kulia, na hakulia kama ng'ombe mwenye njaa. Alilia siku mbili mfululizo, sauti ikakauka akabaki anafungua mdomo tu. Mama alimpa Eliwaza uji mwepesi, kisha maziwa ya mbuzi aliyoomba kwa jirani. Yote yakamtoka. Siku ya tatu utosi wake ulikuwa umebonyea, hata kulia alikuwa haleti machozi. Mama alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati kwa miguu, na pale langoni aligeuka akanitazama kwa muda, halafu akaenda.

Mchana huo baba aliona nyasi kavu zimedondoka njiani kuelekea shimo la zamani. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Aliniita, akaniketisha mbele yake, akaniuliza kwa upole kama najua ngozi ilipo. Upole ule ndio ulionimaliza. Angeshika fimbo nadhani ningesema kweli.

Nikasema, "Fundi aliniambia niitupe. Alisema tunamtesa ng'ombe."

Sentensi mbili tu. Nimezirudia kichwani maisha yangu yote, na bado nashangaa zilivyotoka laini, kama nilikuwa nimezifanyia mazoezi.

Fundi Sunil alirudi saa kumi, amechafuka grisi, nami sikumwamkia. Baba alimpa kigoda. Akamwambia wewe ni mgeni wetu na hatujawahi kukuona na baya, lakini mtoto huyu anasema ulimtuma atupe ngozi ya ndama, na sasa kichanga kipo zahanati hakijulikani kama kitarudi. Akamuuliza kama ni kweli.

Fundi Sunil alinitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la baba, nimeshika shati lake. Nilisubiri aseme hapana. Nilikuwa nimeshaandaa machozi.

"Mzee," akasema, "mimi nilifundisha vibaya. Naomba samahani."

Mtaona kwamba hakudanganya. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoligundua hilo, kwamba hata pale, akiwa anaubeba mzigo wangu, alitafuta maneno ambayo ni ya kweli. Baba akamwomba ahame. Akaitikia. Alifunga mkeka wake, sufuria yake na begi la spana kwenye pikipiki, akaondoka jua likiwa bado juu. Kijiji kizima kilijua kabla ya giza kwamba Mhindi ana dini ya ajabu, inayokataza watoto kupewa maziwa.

Kesho yake nilitumwa kupeleka uji wa mama zahanati. Nikamkuta Fundi Sunil ameketi kwenye benchi la nje. Alikuwa ameendesha mpaka Singida mjini na kurudi, vumbi limemjaa mpaka kope, na kando yake kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga ya watoto. Ndani, muuguzi alikuwa anamnywesha Eliwaza, na mama alikuwa ameegemea ukuta amelala wima. Mtoto yule alipona kwa makopo yale. Nyumbani walisema Mhindi amejutia.

Sikuweza kumpita. Nilimwambia shikamoo, na yeye, kama kawaida, akasimama akanijibu. Halafu akaniambia bila ukali wowote, "Ya nne hukusikiliza."

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni kazi. Kufungua nati moja moja, kila siku, na kila mtu kwenye pampu yake mwenyewe. Hakuna mtu anayemfungulia mwingine mkono kwa nguvu, alisema, hata ng'ombe. Kuna kutazama vizuri, kuna kukusudia mema, kuna kusema kweli.

Alipofika hapo nikatazama chini. Akaniona, akaongeza kwamba si lazima iwe leo. Nikiwa tayari, mimi mwenyewe. Akawasha pikipiki, kile kibanio chekundu kikaning'inia kwenye ufunguo, na sikumwona tena. Mradi wao wa visima ulihamia Iramba, nadhani Ulemo, halafu ukaisha.

Sikuwa tayari kesho yake, wala mwaka uliofuata, wala nilipopata kipaimara, wala siku ya harusi yangu. Baba alikufa akiamini kwamba Fundi Sunil ndiye aliyemtuma mwanawe. Nilipokuwa chuoni nilikisaka kitabu kinachoeleza mambo yale, nikazikuta kweli zote nne, na ya nne ikiwa na hatua zake nane, na kusema kweli ipo hapohapo mwanzoni. Nilikirudisha kitabu maktaba kabla ya siku yake. Siku hizi naona maneno hayohayo yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, yamepambwa ua la yungiyungi: achilia, achilia. Watu wananitumia kila mara tangu nifiwe. Siku zile za matanga nilikuwa nawajibu asante, na mkoba wenye khanga upo mapajani.

Sasa nirudi kwenye siku ya kuanua tanga. Nguo zilipokwisha kugawiwa, shangazi yetu aliuliza ilipo khanga ya kijani. Mama alikuwa ameagiza akiwa kitandani kwamba ile ni ya Eliwaza, kwa sababu Eliwaza ndiye aliyebaki naye nyumbani, ndiye aliyemkamulia ng'ombe mikono yake ilipoanza kutetemeka, ndiye aliyemwogesha. Wakatafuta kwenye sanduku, chini ya kitanda, kwenye kamba. Eliwaza mwenyewe hakulalamika. Alipekua taratibu tu, akiinua kila kitu na kukirudisha, na mwishoni akasimama katikati ya chumba mikono imelegea. Mtu mmoja akasema labda ni mbwa.

Nilikuwa mlangoni. Niliposikia neno hilo nikajua nipo wapi. Nilikuwa nimeshika mkoba kama nilivyoshika shati la baba, na kwa mara ya pili maishani nilikuwa nimemnyang'anya mtoto yuleyule kitu chenye harufu ya zizi. Zamani nilijiona bora kuliko ng'ombe kwa sababu alilamba ngozi. Sasa nilikuwa nimelala na khanga puani siku tatu.

Nilisubiri wageni wapungue. Alasiri nikamkuta Eliwaza nyuma, anaosha ndoo ya kukamulia. Nikaitoa khanga nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, hakuuliza nimeipata wapi. Nikamwambia nimeiiba. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na la ngozi, lote, la mkeka na la wivu na la zile sentensi mbili. Nililia vibaya, kilio cha mtu mzima kisicho na staha. Nilimwambia angekufa, na ningekuwa nimemuua mimi, na lawama ningemwachia mgeni wa watu.

Eliwaza aliinamisha ndoo maji yakatoka.

"Mama aliniambia zamani, dada," akasema. "Siku ile aliona manyoya ya ndama kwenye sketi yako. Akaniambia nisikuulize, utasema mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini mama hakuniambia. Akasema kila nilipopiga simu kwamba nakuja, mama alikuwa anatandika kitanda chake, halafu anasema labda safari hii.

Nilikaa chini pale kwenye udongo. Nilihesabu safari zote nilizokuja, Pasaka, Krismasi, harusi za watu, mama akinisindikiza mpaka barabarani, akisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, nami nikidhani ni uzee. Alikuwa anasubiri. Amekufa akisubiri, na nilikuwepo.

Eliwaza hakuniinua wala hakuniambia nisilie. Alijifunga ile khanga kiunoni, juu ya nguo zake za msiba, akachukua ndoo.

"Twende," akasema, "ukanishikie ndama."

Zizini aliniachia kamba. Ndama alikuwa na nguvu, alinyonya kidogo maziwa yakashuka, kisha nikamvuta pembeni, nikamshika karibu na pua ya mama yake ili amlambe. Ng'ombe alilamba shingo ya ndama, akalamba na mkono wangu, ulimi mkavu wenye kukwaruza. Eliwaza alikamua bila haraka mpaka povu likapanda. Alipomaliza alisema mwachie sasa, nikafungua mkono.